Kompyuta za Jumamosi: tusibofye moja moja tena

Hamjambo wapendwa. Jumamosi baada ya adhuhuri tunakutana Tononoka kuziandaa zile kompyuta 12 za vijana. Mara iliyopita tulisakinisha mashine moja moja hadi usiku, na bado mbili zikaondoka bila LibreOffice, ile programu ya kuandikia nyaraka. Iliniuma sana, maana wenyewe walivuka feri kutoka Likoni kuzifuata.

Safari hii tutumie winget, chombo cha kusakinisha programu kwa amri za kuandika, ambacho kimo tayari ndani ya Windows 11. Mashine ya kwanza tuiandae kwa mkono hadi ikamilike, kisha kwenye dirisha la amri (Terminal) tuandike:

winget export -o orodha.json

Faili hiyo iingie kwenye flashi, na kila mashine nyingine tuiandikie:

winget import -i orodha.json

Lakini faili hiyo ni orodha tu ya programu zilizomo kwenye mashine ya kwanza. Programu zenyewe zinashuka kutoka intaneti, kwa hiyo tuchangie bando mapema. Programu isiyokuwemo kwenye hazina ya winget tutaiweka wenyewe.

Anayeogopa amri atumie Ninite: unachagua programu kwenye tovuti yake, unapakua faili moja, nayo inasakinisha zote bila maswali.

Nani ana ekstensheni ndefu ya umeme? Nijibuni kabla ya Ijumaa tafadhali.