Msumeno wa Baba Yako na Blaindi Zako za Njiro

Majengo, Moshi

Mwanangu mpendwa,

Nakusalimu wewe, mkamwana wangu na mjukuu wangu, ambaye nasikia ameanza kusimama kwa kushikilia viti. Huku hatujambo, ila baridi ya Julai imetushika na mlima haujafunguka tangu Jumatatu. Katika mfuko nilioukabidhi kwa kondakta wa Coaster ya asubuhi utakuta msumeno wa chuma wa marehemu baba yako, nyembe zake tatu mpya, tupa bapa, rula yangu ya chuma na kisu kikali cha kukatia. Barua hii ndiyo sehemu muhimu zaidi ya mzigo huo, kwa kuwa uliponipigia simu kuuliza kama blaindi mlizonunua kwa madirisha ya nyumba yenu ya Njiro, Arusha, zile za vibati vinavyopandishwa kwa kamba, hukatwa upande mmoja au pande zote mbili nilikujibu "pande zote mbili", kisha simu yangu ikazima, nami nikalala nikiwaza kwamba jibu hilo bila maelezo yake linaweza kukutia hasara.

Unajua kwamba nimeshona mapazia tangu hujazaliwa, na kwa sababu hiyo nilidhani kwamba blaindi ni pazia tu lililotengenezwa kwa bati. Sivyo. Pazia lina pindo na lina marinda, na fundi akikosea sentimita mbili huzificha humo, mteja akalipa na kuondoka ameridhika. Blaindi inayokaa ndani ya dirisha haina mahali pa kuficha kosa: ikizidi milimita 3 haiingii, na ikipungua sana, mwanga hupita pembeni kutoka juu hadi chini na jirani anajua mnatazama nini kwenye televisheni. Mwaka ule dada yako alipoolewa nilinunua moja ya alminiamu kwa ajili ya sebule, nikapima dirisha kwa tepu yangu ya kushonea, tena nikapima chini tu kwa kuwa kupima juu kulihitaji kupanda kiti. Tepu ya kushonea hulegea katikati na kuongeza kipimo, na dirisha lenyewe lilikuwa jembamba juu kuliko chini, hivyo nilipokata blaindi ilikataa kuingia. Badala ya kuishusha na kufikiri, nilikata tena upande wa kulia peke yake, kisha nikakata tena, mpaka ikaingia; lakini kwa wakati huo kamba zake zilikuwa zimeshaegemea upande mmoja, na kila nilipoivuta ilipanda kishingo upande. Wageni wa harusi waliiona hivyo hivyo. Leo iko stoo, imefunika magunia ya mahindi.

Kwa hiyo anza na dirisha, wala usiifungue blaindi kwanza. Tundu la dirisha katika nyumba zetu hunyooshwa kwa mkono wa fundi lipu, na hata fundi mzuri huacha pembe iliyonenepa hapa na iliyokonda pale, kwa hiyo upana wa juu, wa katikati na wa chini ni vipimo vitatu tofauti vinavyopaswa kuandikwa vyote kwa futi ya chuma. Ulinitajia dirisha la chumba cha kulia chakula kuwa na sentimita 111.4 juu, 111.9 katikati na 112.3 chini. Kipimo kinachotawala ni kile kidogo kuliko vyote, yaani 111.4, na humo utoe sentimita 1 nzima, kwa sababu vishikizo vinavyobeba reli ya juu, yaani ule mfereji wa bati unaoning'iniza blaindi yote, vina unene wake pande zote mbili na blaindi inahitaji nafasi ya kupumua. Unabaki na 110.4. Blaindi mlizonunua zina upana wa sentimita 120, kwa hiyo zinazotakiwa kuondoka ni 9.6, yaani 4.8 kila upande.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako. Zile bati nyembamba zinazolala moja juu ya nyingine kama mbavu, nami nitaziita mbavu, zimetobolewa matundu ya kamba kwa umbali ulio sawa kutoka ncha zote mbili, na reli ya juu nayo ina matundu yanayolingana na hayo. Ukitoa upande mmoja tu, uzito unahama na kamba hazibebi sawasawa. Tena kuna mpaka: pima kutoka ncha ya ubavu hadi tundu la kwanza la kamba, kisha kutoka ncha ya reli hadi kile kifaa kinachogeuza mbavu, kile chenye kijiti kinachoning'inia. Kifaa hicho kimebanwa kwenye reli na hakihamishwi, hivyo ikiwa kiko sentimita 4 tu kutoka ncha, nawe unataka kukata 4.8, utakuwa unakikata chenyewe. Ukikuta hali hiyo, weka msumeno chini na uifunge blaindi nje ya tundu la dirisha, juu ya ukuta.

Na kwa dirisha la sebule ningekushauri usikate kabisa. Uliniambia kwamba grili iko ndani, na nimeiona mwenyewe nilipokuja Pasaka: kutoka grili hadi ukingo wa ukuta hapazidi vidole viwili, na mbavu zikigeuka zitagonga nondo kila siku. Tundu la dirisha hilo lina sentimita 112 na blaindi ina 120, kwa hiyo ukiifunga ukutani juu ya dirisha itazidi sentimita 4 kila upande, ambazo zinatosha kuzuia mwanga wa pembeni. Dirisha lenyewe linatazama magharibi, na kwa kuwa Arusha iko takriban nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, madirisha ya mashariki na magharibi ndiyo yanayopigwa na jua la chini mwaka mzima, ilhali yale ya kaskazini hupata la kwao karibu na Juni na ya kusini karibu na Desemba. Anza kufunga la sebule, basi, hata kama mkamwana wangu anapenda jingine litangulie.

Sasa kazi yenyewe ya kukata. Toa vifuniko vya plastiki kwenye ncha za reli ya juu na za reli ya chini. Ndani ya reli ya juu utaona fimbo nyembamba ya chuma inayozungusha mbavu. Mara nyingi ni fupi kuliko reli, lakini hakikisha, na ikiwa inafika kwenye mstari wa kukata ichomoe uikate peke yake. Sogeza kamba zote ndani ili zisikutane na wembe. Chora mstari kwa kutumia pembemraba, wala usitegemee jicho. Reli hii ni bati jembamba lililokunjwa kama mfereji, na ukiikandamiza kwa msumeno kuta zake zitajikunja kuelekea ndani. Baba yako alikuwa akichonga kipande cha mbao kinachoingia humo kwa kubana, kisha anakata bati na mbao kwa pamoja, na reli ilitoka imenyooka. Usisahau kuangalia wembe: meno yake yatazame mbele, mbali na mkono wako, kwa kuwa msumeno wa chuma hukata unaposukumwa, na unaporudi ulegeze mkono. Nimekuwekea nyembe mbili zenye meno 32 kwa inchi na mmoja wenye meno 24. Tumia wenye 32 kwa bati hili, kwa kuwa meno makubwa hushika ukingo wa bati jembamba na kuurarua.

Mbavu zisikatwe mmoja mmoja, kwani utazikata sawa kumi za mwanzo na kuzikosea zilizobaki kadiri mkono unavyochoka. Zikusanye zote zikiwa zimelala bapa, zigonge kwenye meza mpaka ncha zilingane, kisha zizungushie gundi ya karatasi wanayotumia wapiga rangi, zunguko tatu au nne, mahali hasa utakapokata. Zibane kati ya vipande viwili vya mbao kwa jiliwa, uchore mstari juu ya karatasi hiyo na ukate polepole, ukiacha wembe ufanye kazi kwa uzito wake. Kabla ya kubandua karatasi, pitisha tupa kwenye ncha, kisha uviringishe kidogo pembe za kila ubavu, maana pembe kali ya alminiamu hukata vidole vya anayefuta vumbi, na nyumba yenu inapata vumbi la kutosha. Ikiwa zile za jikoni ni za plastiki, usizikate alfajiri kwenye baridi, kwa sababu plastiki iliyopoa hupasuka kwa urahisi. Subiri saa sita ya mchana. Reli ya chini haina ugumu wowote kuikata: vipimo ni vile vile, pande zote mbili.

Urefu ni jambo jepesi. Tundika blaindi kwanza, uhesabu mbavu zinazorundikana kwenye kizingiti, uache mbili au tatu za akiba, na zilizobaki utazitoa kutoka chini: chokonoa vizibo vilivyo upande wa chini wa reli ya chini, fungua mafundo, vuta kamba juu, chomoa mbavu zisizotakiwa kwenye ngazi ya nyuzi inayozishikilia, rudisha reli mahali papya, kisha upitishe kamba na kufunga mafundo tena. Mkamwana wangu anaweza kuifanya kazi hii bila wewe, na ataifanya vizuri zaidi.

Kamba za kuvutia, hata hivyo, nataka uzishughulikie wewe mwenyewe, siku hiyo hiyo. Blaindi ikipandishwa, kamba huteremka kwa kadiri ile ile iliyopanda, na asubuhi, mnapofungua madirisha yote, ndipo kamba zinaponing'inia karibu kabisa na sakafu, na ndipo mtoto anapoamka. Mtoto wa umri wa mjukuu wangu akijivika kitanzi cha kamba na kuteleza hana nguvu ya kujinasua, wala hapigi kelele inayosikika chumba cha pili. Si hofu ya kibibi. Huko Marekani, tangu mwishoni mwa mwaka 2018, kanuni za watengenezaji zinataka blaindi zinazouzwa zikiwa tayari madukani ziwe hazina kamba za kuning'inia, au kamba hizo ziwe mahali zisipofikiwa. Zenu ni za mtindo wa zamani. Kama kamba zimeunganishwa chini zikafanya kitanzi, zikate hapo, kila moja ijitegemee na iwe na kishikio chake. Piga ndoano ukutani isiyopungua mita 1.5 kutoka sakafuni na uzifungie hapo kila mara. Na kile kitanda cha mtoto ukiondoe chini ya dirisha hata kabla hujaanza kupima chochote. Nilikiona Pasaka nikanyamaza. Nisamehe kwa kunyamaza.

Imebaki ile ya kitambaa ya chumba cha mtoto, inayojiviringisha kwenye bomba, na hii ndiyo pekee iliyonifanya nijione niko kazini kwangu. Hapa kanuni ya pande zote mbili haifanyi kazi. Upande wenye mnyororo una gurudumu la kuzungushia na hauguswi. Unakata upande wa pili tu, ule wenye kizibo chenye pini. Chomoa kizibo, kunjua kitambaa chote juu ya meza safi, kibandue kwenye bomba taratibu kutoka upande huo, kata bomba kwa msumeno, kisha kitambaa ukikate kwa kisu kilichoegemezwa kwenye rula ya chuma, kwa mvuto mmoja mrefu. Usitumie mkasi, hata wangu mzuri, kwa sababu mkasi hukata kwa hatua na kila hatua huacha jino dogo. Kitambaa hiki kimepakwa dawa ya kukikakamaza, hakifumuki nyuzi, na hivyo hakihitaji pindo. Upana wake uwe pungufu kidogo kuliko bomba, na mstari wa kukata uwe sambamba kabisa na ukingo wa upande wa mnyororo, kwani ukipinda hata kidogo, kitambaa kitajiviringisha kikielekea upande mmoja na kingo zake zitasagika kwenye kishikizo. Kata pia kile kifimbo cha chini, na unapofunga vishikizo ukutani tumia pimamaji, kwa maana bomba lililoinama huleta kasoro ile ile hata kama kitambaa kilikatwa vizuri. Mnyororo nao ni kitanzi. Ubane ukutani uwe umekaza, kwa kile kibanio kinachokuja ndani ya boksi, ambacho watu wengi hukitupa pamoja na karatasi.

Vipande vya mbavu utakavyovikata usivitupe. Nikatie viwe na urefu wa kidole kimoja na unitumie, nitaviandika majina ya miche ya kitaluni. Msumeno nao urudi kwa Coaster ile ile ukimaliza, ukiwa umefutwa kwa mafuta na wembe umelegezwa, kwa sababu baba yako hakuwahi kuuhifadhi ukiwa umekazwa, na mwenye nyumba wa jirani ameshauulizia mara mbili.

Mama yako anayekupenda