Nekesa, wanataka kumkata Macbeth ulimi

Kisumu,
Jumapili usiku

Kwako Nekesa,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Sisi hatujambo, ila joto. Mama Brayo amejifungua salama, mtoto wa kike. Odhis bado hajarudisha pesa za watu. Hayo tutayaongea tukionana. Najua nimenyamaza tangu Krismasi, na simu zako mbili sikuzipokea. Nisamehe, dada. Leo naandika kwa sababu nina jambo limenikaa rohoni, na kuna kitu nataka unitumie.

Si nilikuambia vijana wetu wa Manyatta wanafanya Makbeth, ile tamthilia ya Shakespeare kwa tafsiri ya Mushi ya 1968? Basi bwana anayetulipia ukumbi alikuja Jumanne kutazama mazoezi. Alitazama kidogo, akatazama saa yake sana, mwisho akaniambia: mwalimu, toa yale maneno anayojisemea peke yake. Watu watakuja kuona mapanga. Mtu akisimama kuongea na ukuta, hakuna kinachotendeka.

Hakuna kinachotendeka! Nekesa, usiku huo sikulala.

Kwani Macbeth anaposimama pale, mfalme Duncan, ambaye yeye amepanga kumuua, yuko chumba cha pili anakula chakula chake, si ndipo mambo yote yanapoamuliwa? Anajihesabia mwenyewe: huyu ni jamaa yangu, ni mfalme wangu, tena ni mgeni wangu, na mimi mwenye nyumba ndiye ningemfungia muuaji mlango. Anajishinda kwa hoja. Mkewe akiingia anamwambia, jambo hili tuliache. Basi, mauaji hayapo tena. Halafu yule mama anafungua mdomo. Anamwita mwoga, anamuuliza kama yeye ni mwanamume kweli, na kabla hujakaa vizuri kitini, mume amekubali upya. Hakuna aliyemshika mkono. Maneno yamemzuia, maneno yamemsukuma. Sasa tukiyatoa yale ya kwanza, mke atakuwa anabishana na nani? Kwa Kiingereza ni mistari 28 tu, ndani ya tanzia iliyo fupi kuliko zote za Shakespeare!

Na hiyo damu wanayoitaka, mfalme mwenyewe hata hauawi mbele yetu. Tunachopata ni Macbeth akirudi na mikono yake, analalamika kwamba alisikia watu wakiomba Mungu awabariki, naye "Amina" ikamkwama kooni. Mimi huogopa hapo kuliko kwenye vita vyote vya mwisho.

Alhamisi nilitamani yule bwana angekuwepo. Kijana anayemcheza Macbeth ni fundi baiskeli pale Kibuye, na siku zote alikuwa anayakimbiza yale maneno ili ayamalize. Nikamketisha kwenye kreti ya soda, nikamwambia ajiulize kweli. Alipofika kwenye mgeni akanyamaza. Akachomoa kisu chake cha mbao kiunoni, akakiweka sakafuni. Sikuwa nimemwagiza. Chebet, anayemcheza mke, alipoingia, kabla hajasema lolote, akakiona kile kisu chini. Hata wale wanaosubiri zamu mlangoni, ambao hupiga soga mpaka niwafukuze, walinyamaza.

Vijana hawana shida na jambo hili. Niliwasimulia Oedipus wa Sophocles, jinsi anavyomlaani hadharani aliyemuua mfalme Laius, asijue anajilaani mwenyewe, na msichana mmoja akajishika mdomo. Huku kwetu nani wa kuelezwa kwamba laana ni tendo? Mzee akishatamka, ametenda. Yule bwana nikampa mfano wa Antony katika Julius Caesar ya Shakespeare, anavyowasha umati kwa hotuba ya mazishi mpaka wanamrarua mshairi Cinna kwa sababu ya jina lake tu. Akasema hiyo afadhali, ina umati.

Nimewaza kupunguza vita, au yule bawabu mlevi. Au nimrudishie pesa zake tuchezee uwanja wa kanisa, lakini mvua hizi... sijui. Popote pengine nitakata. Hapo pa kreti, hapana.

Ninachoomba ni ile nakala yangu uliyobaki nayo tulipotoka chuo, yenye kalamu yetu pembeni. Hii ya kwetu ni fotokopi, na ukurasa huo huo ndio umefifia. Mpe dereva wa matatu ya Kisumu, nitumie namba ya gari, nitaingoja steji. Lakini afadhali uje nayo mwenyewe Jumamosi. Chebet anapiga kelele, na wewe ulipomcheza huyo mama ulishusha sauti, watu wakasogea mbele vitini.

Ulijuaje kuishusha? Ulikuwa unamtazama machoni, au mikono? Na moyoni mwako, mke alikuwa amemsikia mumewe akijisemea kabla ya kuingia, au hakusikia? Mguu wa Baba unaendeleaje? Ile kazi ya Naivasha wamekujibu? Utakuja?

Nijibu kabla ya Alhamisi, ndiyo siku anarudi kutazama.

Wako,
Akinyi