Kabla hamjafunga mizigo

Habari za jioni, wapenzi wa mawe. Mnaosafiri kwa ndege na vielelezo vyenye fuwele nyembamba, nawaomba sana mvibebe mkononi, visiende chini na mabegi. Na pamba msitumie kabisa! Nyuzi zake hunasa kwenye fuwele; ukiivuta pamba, fuwele zinakatika nayo. Natroliti yangu, madini yenye fuwele kama sindano, iliisha hivyo, sindano zote zikabaki kwenye pamba, na mpaka leo inaniuma. Lishikizeni jiwe kwa upande wa chini ndani ya kisanduku chenye kifuniko angavu, ili mkaguzi aone bila kugusa. Mawe mazito hutokea kama doa jeusi kwenye eksirei, kwa hiyo huenda mkaambiwa mfungue. Fikeni mapema. Jasi hukwaruzwa hata na ukucha, izungushieni karatasi laini. Chumvi mawe iwe kwenye mfuko usiopitisha unyevu.