Malipo ya watoto waigizaji yawekewe akiba

Mhariri,

Mimi ni mzazi wa Uyole, Mbeya, na kila ninapoona mtoto akiigiza katika filamu zetu hujiuliza malipo yake yanatunzwa na nani. Ninauliza hivyo kwa sababu ya Jackie Coogan wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1914 na kupata umaarufu mwaka 1921, enzi za filamu zisizo na sauti, alipoigiza mtoto aliyetupwa akaokotwa na kulelewa na Charlie Chaplin. Alichuma mamilioni ya dola angali mdogo. Baba yake alifariki katika ajali ya gari mwaka 1935, na alipodai haki yake, mama na baba wa kambo walimkatalia. Akawashtaki mwaka 1938, akaambulia takriban dola 126,000 tu, ilhali jasho lote lilikuwa lake! Kilio hicho kilizaa sheria ya California ya mwaka 1939 ya kulinda mapato ya watoto waigizaji.

Naiomba Serikali iandae kanuni itakayomlazimu mtayarishaji kuweka sehemu ya malipo katika akaunti ya mtoto, isiyoguswa na yeyote, hata mzazi, hadi atimize miaka 18.

Mzazi,
Uyole, Mbeya