Anza na kiboksi, begi litafuata

Mteja akiingia kwenye duka letu la mabegi ya kamera Kariakoo, mara nyingi maneno yake ya kwanza huwa haya: "Nataka begi kubwa, vitu vyangu vyote viingie." Tunampa kiti, halafu tunamuuliza: Jumamosi una kazi gani? Na Jumatano? Anatwambia Jumamosi ana harusi, kuanzia saluni anakopambwa bibi harusi mpaka ukumbini usiku wa manane. Jumatano ana mahojiano Posta, kamera moja na maiki basi. Mwezi ujao kapata safari ya Serengeti. Hapo pana kazi tatu na mizigo mitatu, naye anatafuta begi moja la kuibeba yote. Akilipata, siku ya mahojiano atapanda daladala na kilo za Serengeti mgongoni.

Nasema hivi kwa sababu yamenikuta. Kabla ya duka hili nilipiga picha za harusi, na nilikuwa na begi moja la mgongoni nililolijaza mpaka zipu ikawa inafungwa kwa goti. Siku moja kanisani, maharusi wameshafika mlangoni, nikahitaji lenzi ndefu. Ilikuwa chini kabisa. Nikalilaza begi sakafuni, nikaanza kutoa flashi, chaja, nyaya, huku kwaya imeshaanza. Kuifikia, nakuta kigawanyo kimebanduka, velkro imejaa nyuzi na vumbi haishiki tena, kifuniko cha lenzi kimechomoka, na kichwa cha stendi kimesugua kioo cha mbele njia nzima juu ya bodaboda. Mkwaruzo wenyewe ulikuwa mdogo kama punje ya mchele. Ila picha ya yule binti akiingia na baba yake sikuipata, na aliponiuliza sikuwa na la kumjibu.

Ndiyo maana tunauza begi la vipande na tunaliamini. Vifaa vyako vinakaa ndani ya viboksi vyenye sponji, kila kifaa na chumba chake, na viboksi hivyo ndivyo vinavyohama kutoka begi hadi begi. Kiboksi cha kamera mbili kinaingia begi la mgongoni Jumamosi, kesho yake unakichomeka kwenye sanduku la safari bila kugusa lenzi hata moja. Kampuni ya Peak Design wana viboksi vya aina hii vya saizi mbalimbali, F-stop nao wana vyao. Think Tank, kampuni iliyoanzishwa California mwaka 2005, wanajulikana sana kwa mkanda wa kiunoni unaopachikwa vifuko. Mmoja wa waanzilishi wake, Deanne Fitzmaurice, ni mpiga picha wa habari aliyepata tuzo ya Pulitzer mwaka huohuo, na ukiuvaa ule mkanda unajua umebuniwa na mtu aliyewahi kubadilisha lenzi huku anakimbia.

Sasa vipimo, maana hapa ndipo watu wanapopoteza hela. Tandaza vifaa vyako vyote mezani, chukua futi ya fundi cherehani, upime kila kimoja kama kinavyokaa unapokitumia, siyo kama kilivyotoka kwenye boksi lake. Chukua mfano wa kamera ya Canon 5D Mark IV, tunaiona kila wiki. Lenzi yake fupi, ile iliyoandikwa 24-70 f/2.8, ina urefu wa sentimita 11 na kidogo, kwa hiyo inasimama wima kwenye kiboksi chenye kina cha 14. Ile ndefu, ya 70-200 f/2.8, ina karibu sentimita 20. Hiyo hapo haisimami, lazima ilale. Na ukitaka ilale ikiwa imefungwa kwenye kamera, tayari kwa kazi, unahitaji nafasi ya sentimita 28 kwenda mbele. Kiboksi cha sentimita 25 ni kizuri, lakini kila ukifika kazini utakuwa unafunga lenzi upya, na upepo wa vumbi hausubiri umalize.

Halafu uzito. Kamera mbili za aina hiyo, gramu 890 kila moja, lenzi ya 24-70 gramu 805, ya 70-200 karibu kilo moja na nusu: umeshapita kilo 4, bado flashi na betri. Begi lenyewe tupu likiwa na kilo 2 au zaidi, unaukaribia ule mwisho wa kilo 7 ambao mashirika mengi ya ndege huweka kwa mzigo wa mkononi. Ndege ndogo za kwenda mbugani kwa kawaida huruhusu kilo 15 kwa abiria, kamera zikiwemo, na hutaka mabegi laini. Sanduku gumu la plastiki liache nyumbani.

Betri zipe kifuko chake peke yake. Betri za akiba haziruhusiwi kwenye mzigo unaoingia tumboni mwa ndege, ni lazima ukae nazo. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100 (kipimo cha nguvu ambayo betri inahifadhi) kwa betri moja; ya kamera huwa na kama 14 au 16 tu, na zile kubwa za video nyingi hutengenezwa ziishie 95 au 98. Siku ukiambiwa langoni kwamba begi lako ni kubwa, liende chini, unachomoa kiboksi cha kamera na kifuko cha betri, begi tupu linakwenda zake. Mwenye begi la kipande kimoja atakuwa anahamishia lenzi kwenye mfuko wa kanga mbele ya foleni.

Mkanda wa kiunoni ni mzuri ukumbini na uwanjani. Mitaa yenye msongamano, hapana. Huko bora kiboksi kilale ndani ya begi la kawaida lililochakaa kidogo, lisilotangaza kilichomo. Na kwa sisi tunaoishi na joto la pwani: sponji hunywa unyevu, na unyevu ndio unaoleta ukungu kwenye vioo. Weka pakiti za silika ndani, na ukikaa wiki mbili bila kazi, toa vifaa, viache mahali pakavu penye hewa.

Ukiwa na kamera moja na lenzi moja, usitumie hela nyingi. Nunua kiboksi kimoja kidogo, tia kwenye begi ulilonalo, utaongeza kazi ikiongezeka. Ukishapata viboksi, fahamu kwamba vishikizo vya kampuni moja mara nyingi havipachikani na vya nyingine, ila ndani ya begi la kawaida chochote kitakaa mradi vipimo vimekubali. Vigawanyo vikikataa kukaa unavyotaka, fundi wetu atakushonea vingine kwa kipimo cha lenzi zako, na velkro iliyochoka anaibadilisha.

Njoo asubuhi siku za kazi. Jumamosi duka hujaa na meza ni moja. Njoo na kila kitu, hata chaja na nyaya, maana hivyo ndivyo watu huacha nyumbani, kisha hivyohivyo ndivyo vinavyokuja kukosa pa kukaa.