Baba, huku wanalipwa ili gari livute kushoto

Shikamoo baba, shikamoo mama. Dada naomba umsomee mzee hii yote usiruke, maana ile vidio ya mbio za pikapu niliyotuma WhatsApp mzee kanijibu kwa voisi ya sekunde nne tu, "sasa hayo mapikapu yanaenda wapi", nikaona hapa bora niandike barua kabisa.

Mi mzima, kazi ni ileile ya godauni, usiku. Ijumaa ile, tarehe 30 Mei 2025, nilikuwa ofu, na yule jamaa yangu Mkongo wa Bukavu ninayefanya naye kazi akapata tiketi mbili, tukaenda Lebanon, siyo Lebanon ya Waarabu, ni mji mdogo wa hapahapa Marekani, jimbo la Tennessee, karibu na Nashville. Kuna uwanja wa mashindano unaitwa Nashville Superspeedway, umbo kama yai hivi, mzunguko mmoja ni kilomita mbili na kidogo, af njia yenyewe zege siyo lami, na kwenye kona zege limeinuliwa upande wa nje ili gari lisirushwe. Hapo ndo pikapu zinashindana, ligi yao inaitwa NASCAR Truck Series (NASCAR ndo wenye mbio kubwa za magari hapa Marekani), ipo tangu 1995. Mizunguko 150. Wanasali kwanza, wanaimba wimbo wa taifa, halafu zile injini zinawashwa zote kwa pamoja, baba, kifua kinatetemeka kama umelalia kompresa. Mi sikununua vya kuziba masikio nikajifanya mtoto wa gereji nimezoea, mpaka Jumapili nilikuwa nasikia nzi tu.

Mkongo wangu katazama mizunguko mitano kanigeukia, "sasa hawa banaenda wapi?" Kwa hiyo mzee hauko peke yako.

Ila kabla hujazicheka nikwambie zilivyo. Najua ukiona Toyota Tundra utasema aa hiyo ndugu yake Hilux, Toyota kweli waliingia 2004, wa kwanza kutoka nje ya Marekani, lakini ile Tundra ni bodi tu, chini ni fremu ya mabomba yaliyochomelewa, na Ford na Chevrolet hivyohivyo. Taa za mbele siyo taa, ni stika! Milango haifunguki, dereva anapitia dirishani kama mwizi. Gia nne, manyuali, difu la nyuma zima kama la lori. Tairi kipara kabisa, hazina kashata hata moja, maana mvua ikinyesha kwenye njia kama ile wanasimama wanasubiri ikauke.

Sasa sikiliza hii ndo iliyonifanya nikuandikie. Wewe maisha yako yote hapo Msamvu watu wanakuletea gari, "fundi gari linavuta kushoto", unalala chini unahangaika nalo mpaka linyooke. Huku wanalipwa mshahara ili livute kushoto! Kwa sababu kona zote ni za kushoto, basi tairi za kulia wanafunga kubwa kidogo kuliko za kushoto, na uzito mwingi wanaupeleka upande wa kushoto, kiasi kwamba kwenye kona gari linajipinda lenyewe, ila kwenye njia iliyonyooka dereva ndo anashikilia usukani lisimpeleke kushoto. Nilivyomweleza Mkongo akasema hilo ukilipeleka Bukavu litaingia ziwani siku hiyohiyo.

Na kila dereva ana mtu wake kasimama juu ya paa la jukwaa anaongea naye kwa redio, maana dereva pembeni haoni vizuri, yule ndo anamwambia kuna mtu kulia kwako, bado, bado, haya pita. Yani konda. Konda wa daladala kabisa ila yuko juu ya paa na miwani ya jua.

Mi nilikaa karibu na pale wanapoingia kubadilisha tairi, mizunguko mingine hata sikutazama njia, natazama mafundi tu. Kijana anaruka ukuta na jeki, anasukuma mara moja mbili upande mzima wa kulia uko juu, nati tano wameshazigandisha na gundi kwenye rimu toka mapema, kwa hiyo anapachika tairi na nati zake, mashine trrr imekwisha, jeki linashushwa wanakimbilia kushoto, mwingine huku anamimina mafuta. Tairi nne zote haifiki sekunde 20. Nikakumbuka siku ile dogo alivyopoteza nati ya yule mwenye Noah tukaitafuta mchangani mpaka magharibi.

Aliyeshinda ni kijana anaitwa Rajah Caruth, Chevrolet namba 71, mweusi, kakulia Washington, na baba amini usiamini kuendesha alianzia kwenye gemu ya kompyuta. Mwaka 2024 alishinda Las Vegas, akawa mweusi wa tatu tu kushinda kwenye ligi tatu kubwa za NASCAR. Wa pili ni Bubba Wallace, 2013, naye kwa pikapu. Wa kwanza anaitwa Wendell Scott, na huyu ungempenda, alikuwa fundi, gari anatengeneza mwenyewe, wanaomsaidia wanawe. Mwaka 1963 kule Jacksonville alimwacha wa pili mizunguko miwili, wakampa ushindi yule wa pili! Baadaye wakasema mahesabu yalikosewa, ushindi wake, ila sherehe ilishapita. Kafa 1990. Kombe familia wamekabidhiwa 2021. Hiyo nimeisoma kwenye simu nikiwa foleni ya kutoka paking, foleni ya saa nzima, na nilikuwa na hasira ya foleni lakini ikaisha nikabaki nawaza wale wanawe.

Rajah yeye kombe lake hapa Nashville ni gita, maana mji huu ni wa muziki.

Haya mzee, sasa jeki, maana lile lako limepasuka. Nimeuliza, yapo ya aluminiamu yanayofanana na lile la kwenye mbio, mepesi, dogo atalibeba kwa mkono mmoja. Lile la mbio lenyewe bei yake siitaji hapa mama asije akapandisha presha. La kawaida naliweza mwisho wa mwezi, kuna Mtanzania mmoja anajaza kontena la Dar mwezi wa nane. Niambie tu Hilux ya mwalimu ina uzito gani ikiwa na mzigo, tani mbili linatosha au nichukue la tatu? Na dada lipige picha lile la zamani nione limepasukia wapi, mzee asilitumie tena kuingia chini ya gari.