Barua kwa vijana wetu wa Moshi mnaoenda Bogotá, Kolombia, kuchukua watoto wa kuasili

Marahaba wanangu, salamu zenu zimefika. Wawili mmenipigia simu wiki iliyopita, mwingine mama yake kanifuata mpaka dukani hapa Majengo, na wote swali ni lile lile, bibi wewe ulienda na mwanao, sisi tukifika kule tutembee wapi na watoto. Nimeona niandike mara moja msome wote, maana mko familia nne na kila moja inaenda kwa tarehe yake, sitaki mmoja apate nusu ya maneno.

Mimi nilienda 2019. Binti yangu na mume wake ni raia wa Marekani kama nyie, wakaomba kuasili kupitia ICBF, ndo ustawi wa jamii wa Kolombia, wakapewa ndugu wawili, dada miaka minane na mdogo wake wa kiume miaka mitano, weusi kama sisi, asili yao pwani ya Pasifiki. Wakaniomba niende nao niwasaidie kupika na kukaa na watoto. Tulikaa wiki tano. Mjue kabisa kwamba lazima muende wote wawili baba na mama, na hamuendi kuchukua mtoto leo kesho mkapanda ndege. Mnakabidhiwa, mnaishi nae pale pale huku watu wa ustawi wanaangalia mnavyozoeana, alafu faili linaenda kwa hakimu, hukumu ikitoka ndo cheti kipya cha kuzaliwa, ndo pasipoti, ndo vipimo na viza ubalozini. Kwahiyo siku nyingi mtakuwa mnasubiri tu, na hapo ndo watu wanaanza kutafuta pa kutembea.

Sasa nisikilizeni. Ule mji ni wa mtoto. Nyie ndo wageni. Msimtembeze, mwacheni awatembeze yeye.

Nasema hivi kwa sababu sisi tulianza vibaya. Mkwe wangu ni mtu mzuri sana, alikuwa na orodha kwenye simu, mlima Monserrate, makumbusho ya dhahabu, uwanja wa Bolívar wenye njiwa, yani kila siku na mahali pake. Siku ya tatu tu tukawapeleka Monserrate, kule juu kwenye kanisa, mita 3,152, unapanda na treni ya kuvutwa na kamba au kigari cha kuning'inia angani. Bogotá yenyewe iko mita 2,640, wale mliowahi kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu ni kama unalala kambi ya Mandara kila siku, kwahiyo sisi wakubwa vichwa vilikuwa vinagonga tangu tushuke ndege. Foleni ilikuwa ndefu, watu wengi, baridi, na yule mdogo akajikojolea pale pale kwenye mstari. Hakulia. Dada yake akavua sweta yake haraka haraka akamfunga kiunoni watu wasione, akamshika mkono, na binti yangu alipoinama kusaidia yule mtoto akamsogeza mdogo wake nyuma ya mgongo wake. Miaka minane aisee. Alikuwa anafanya kazi ambayo ameifanya siku zote, na sisi tulikuwa tunawaza picha. Tulirudi hotelini bila kupanda. Usiku nikakaa na mwanangu na mume wake nikawaambia hiyo orodha ifuteni.

Kuanzia kesho yake tukawa tunaenda sehemu moja tu. Kulikuwa na bustani karibu na tulipopanga, benchi moja, saa nne asubuhi kila siku ya Mungu. Hapo alikuwa anapita mama na kigari cha chupa za chai anauza kahawa, wao wanaita tinto, kikombe kidogo, nyeusi, sukari tayari, kama tu wale vijana wetu wa birika hapa mjini. Mimi mtoto wa Kibosho niliyekulia kwenye kahawa, baba yangu alikuwa anapeleka magunia KNCU, ushirika wetu wa kahawa, nilikaa pale nikanywa kahawa ya watu wengine wa milimani nikajiona niko nyumbani. Siku ya nne yule mama akawa anawasalimia watoto kabla yetu. Siku ya sita yule mdogo akaja kukaa magotini kwangu bila kuitwa. Mtoto ambaye amehamishwa nyumba mara kadhaa anahitaji kuona kitu kile kile kipo leo, na kesho kipo tena, na nyie mpo.

Alafu yule dada akaanza kuongea. Sisi Kihispania chetu kilikuwa cha kuokoteza lakini alikuwa anaonyesha kwa kidole. Alijua mabasi. TransMilenio, mabasi yao ya mwendokasi, wao walianza mwaka 2000 na sisi Dar tukaja kupata 2016, mtindo ni ule ule wa njia yake yenyewe na vituo vya katikati, yeye alikuwa anasoma majina ya vituo kwa sauti kama anaita mahudhurio darasani. Siku moja akasema anataka tushuke kituo fulani. Binti yangu akaogopa, maana alijua ni mtaa wa mama mlezi aliyewalea kabla, akafikiri mtoto atakimbilia kule asitake kurudi. Nikamwambia usikatae, uliza kwanza. Tukampigia mwanasaikolojia wa ustawi, akasema nendeni, ila msimwahidi kitu ambacho hamtakitimiza. Tukaenda. Hakutaka hata kuingia nyumba ya mtu, alitaka duka la mikate la pale kona. Akanunua pandebono moja, ni kimkate cha duara cha jibini na unga wa muhogo, kinatoka cha moto, akakifunga na karatasi akatia mfukoni. Hakukila. Kilikaa mfukoni mpaka kikawa jiwe, na siku ya kuondoka kilikuwa kwenye begi lake dogo pamoja na pasipoti. Mpaka leo kipo kwenye droo yake kule Marekani, mama yake hajakigusa.

Kwahiyo mkiwa kule ulizeni, ulikuwa unanunua wapi mkate, shule yako ni ipi, mlikuwa mnacheza wapi. Pigeni picha za vitu vya kawaida, geti, kituo cha basi, ukuta uliochorwa, huyo mama wa kahawa kama atakubali. Hizo ndo atakuja kuzitafuta akiwa na miaka ishirini. Picha za sura ya mtoto kabla ya hukumu msizirushe popote, hata kwa mashangazi wa huku Moshi, najua mtalaumiwa, nitumieni mimi hiyo lawama.

Jumapili msikose barabarani. Tangu 1974 wanafunga barabara kubwa kila Jumapili na sikukuu, kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa nane mchana, magari hakuna, ni baiskeli na watu wa miguu tu, zaidi ya kilomita 120 za mji mzima. Wanaita Ciclovía. Mtoto anatembea katikati ya barabara kuu bila kushikwa mkono, na yeye ndo anaamua kona gani. Monserrate tulirudi wiki ya tano, yeye dada mwenyewe ndo aliomba.

Kula msihangaike, kuna ndizi za kukaanga, kuna parachichi, kuna supu yao ya ajiaco ya kuku na viazi aina tatu na mahindi, mtu aliyekula mtori haimshindi. Pikeni na watoto.

Simu zenu mtie mfukoni, vibaka wapo kama mji wowote mkubwa. Wenyewe wana msemo, no dar papaya, usitoe papai, yani usimrahisishie mtu kukuibia. Na mkitoka na mtoto tembeeni na kopi ya barua ya kukabidhiwa, maana jina lake na lenu bado ni tofauti.

Kuna jambo lingine nataka mlijue, hasa kama watoto wenu watakuwa weusi. Tulikutana na mama mmoja anauza peremende za nazi, kwao Palenque, kijiji cha karibu na Cartagena kilichoanzishwa na watumwa waliotoroka. Wana lugha yao mpaka leo, Kihispania kimechanganyika na Kikongo. Nikamuuliza kwa mkalimani ng'ombe mnaitaje. Akasema ngombe. Mtoto je? Moná. Nilimshika mkono yule mama nikashindwa kuongea. Kwahiyo ndugu zenu hapa Moshi wakianza ile habari ya damu ya nani sijui, mtoto katoka wapi, waambieni waje kwangu niwaeleze. Na majina ya watoto msibadilishe. Ongezeni la kwenu kama mnataka, lakini lile alilokuja nalo libaki la kwanza.

Baridi ya Bogotá si mchezo na mvua haina adabu, hasa Aprili na Oktoba, na familia mbili mnaenda miezi hiyo. Nimeshapita soko la Memorial nimewachagulia sweta za mtumba nzuri, za wakubwa na za watoto, za watoto nimechukua saizi mbili mbili kwa sababu vipimo mnavyoandikiwa kwenye faili vinakuwa vya zamani. Ziko kwenye mfuko mwekundu dukani, mtume mtu aje kabla ya Ijumaa. Na mkiwa kule mkikwama pigeni, tofauti ni masaa manane, kwenu ikiwa saa saba mchana huku ni saa tatu usiku na mimi bado niko macho.

Bibi yenu,
Majengo, Moshi